Kujifunza Kuogelea Wakati wa Kipupwe

Mto Mkondoa hupita kando ya mji wa Kilosa. Maji yake hutoka mbali, katika nchi kavu ya upande wa Dodoma na Mpwapwa, ambako mto huitwa Kinyasungwe. Kisha mto hupenya katikati ya milima, hufika Kilosa, na kushuka katika nchi tambarare. Huko huchanganyika na maji ya mto Mkata, utokao upande wa Mikumi, na mwisho maji yote huingia katika mto Wami, nao Wami huyapeleka katika Bahari ya Hindi, karibu na Saadani. Hivyo jani litupwalo mtoni Kilosa, lisiponaswa na matete njiani, laweza kufika baharini.

Mto huu una tabia mbili. Mvua zinyeshapo milimani, maji huja kwa kishindo, yamegeuka rangi ya udongo, yakichukua magogo na mawe. Mvua zikiisha huja kipupwe, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti. Ndipo mto hupungua, mchanga huonekana kandokando, na maji hupita polepole. Lakini hiyo ndiyo miezi ya baridi. Alfajiri hewa ya Kilosa hushuka chini ya digrii 20, ukungu hutanda juu ya mto, na watoto waendao kuteka maji hukunja mikono vifuani.

Kwa sababu ya baridi hiyo watoto wengi huyakimbia maji wakati wa kipupwe, nao hurudi kucheza mtoni wakati wa joto. Lakini wakati wa joto ndio wakati wa mvua, na mto uliojaa haumfundishi mtu, humchukua. Mwezi wa Desemba 2009 mvua kubwa zilinyesha, Mkondoa ukavunja tuta lililojengwa kuukinga mji, ukaingia majumbani. Maelfu ya watu wa Kilosa walipoteza makao yao, wakaenda kukaa katika mahema. Reli ya Kati, ifuatayo bonde la mto huo, ilichimbuliwa na maji mahali pengi, hata treni zikakoma kupita kwa miezi kadhaa. Siku kama hiyo ikifika, hakuna nafasi ya kujifunza. Ajuaye kuelea ataelea, na asiyejua hana mwalimu wa kumwita.

Jambo hili si la Kilosa tu. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiri kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya nusu yao walikuwa hawajatimiza miaka 30. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuwakumbusha watu wote habari ya kuzuia vifo vya maji. Kwa watu wa Kilosa siku hiyo huangukia katikati ya kipupwe, wakati mto ulipo mdogo. Basi huo ndio wakati ufaao kujifunza, ijapokuwa maji ni baridi. Ila mwenye kujifunza katika baridi lazima kwanza aijue baridi yenyewe.

Mkulima aamkapo asubuhi na kushika jembe lake, huona jambo la ajabu. Jembe lililala usiku kucha mahali pamoja na mpini wake, katika hewa ile ile, wala hakuna moto uliokuwa karibu na kimojawapo. Hata hivyo, akigusa mpini mkono wake hausikii baridi sana, bali akigusa chuma mkono hushtuka. Sababu yake ni hii: chuma hunyang'anya joto la mkono upesi, na mti hulichukua polepole. Hivyo ndivyo ilivyo hewa na maji. Hewa ni kama mpini, maji ni kama chuma. Maji huchukua joto la mwili upesi kuliko hewa yenye baridi ile ile, zaidi ya mara 20. Kwa hiyo mtu aweza kusimama kifua wazi katika hewa ya digrii 20 kwa muda mrefu bila hasara, lakini akikaa ndani ya maji ya digrii 20 muda huo huo atatetemeka.

Mwili wa mtu mwenye afya una joto la digrii 37 hivi, nao hujitahidi sana kulilinda. Ukipatwa na baridi, mishipa midogo ya ngozi hujibana, ili damu yenye joto ikae ndani, karibu na moyo na ubongo. Ndiyo sababu vidole huwa vizito, tena vigumu kukunjika. Kisha misuli huanza kutetemeka yenyewe, maana misuli ikifanya kazi huzaa joto. Basi mtetemeko ni sauti ya mwili usemao, "Toka sasa." Mtoto mwenye akili huitii sauti hiyo mara moja, wala hajisifu mbele ya wenzake kwamba yeye hasikii baridi.

Tena kuna hatari iliyo ya upesi kuliko mtetemeko. Mtu atumbukiapo ghafula katika maji ya baridi, ngozi hupeleka habari kwa ubongo, na kabla hajawaza lolote hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu. Kinywa kikiwa chini ya maji wakati huo, huvuta maji badala ya hewa. Baada ya hapo pumzi huja mbio mbio, moyo hupiga upesi, na mtu hufadhaika. Wengi waliokufa katika maji ya baridi hawakuuawa na baridi ya muda mrefu. Waliuawa na dakika ile ya kwanza. Lakini fadhaa hiyo haidumu. Baada ya dakika moja au mbili pumzi hutulia. Kwa hiyo mtu aliyeanguka majini asipigane na maji katika dakika hiyo. Na alale chali, masikio ndani ya maji, kinywa na pua juu, mikono imetanda, angoje hata pumzi imrudie. Kisha ndipo aogelee, au apige kelele kuomba msaada.

Watu husema, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Ni kweli, lakini methali haikusema uyaoge kwa kuruka. Ajifunzaye wakati wa kipupwe na asubiri hata jua lipande, hewa ipate joto. Aingie polepole, aloweshe kwanza mikono, kisha uso na shingo, kisha kifua, huku akitoa pumzi taratibu kwa kinywa. Mwili ukipewa habari mapema haushtuki sana. Tena, mwenye kuingia mara kwa mara, siku baada ya siku, kwa dakika chache, huzoea. Mshtuko wa siku ya sita si kama mshtuko wa siku ya kwanza.

Mwili wa mwanadamu huelea kwa sababu gani? Zamani sana, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, Archimedes, mtaalamu wa Kiyunani, alieleza kwamba kitu kiingiacho majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa mahali pake. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Chukua dumu tupu la lita 20, lifunge kifuniko, ulizamishe. Utaona jinsi linavyorudi juu kwa nguvu, maana linaondoa kilo 20 za maji, nalo lenyewe halifiki hata kilo 2. Mwili wa mtu unakaribia sana uzito wa maji yaliyo sawa nao kwa ukubwa. Mapafu yakijaa hewa, mwili huelea. Mapafu yakiwa matupu, watu wengi huzama polepole. Basi hewa iliyo kifuani ndiyo dumu la kila mtu. Apigaye kelele bila kukoma hulimwaga dumu lake, na ainuaye mikono juu huongeza mzigo, kwa kuwa mikono iliyo nje ya maji haisukumwi juu tena na maji.

Mafundisho hufuata taratibu, kama ngazi. La kwanza ni kupuliza: mtoto husimama mahali ambapo maji hayapiti kiuno, hutia uso majini, na kutoa pumzi hata mapovu yaonekane. La pili ni kuelea chali, mwalimu akimshika kichwa, kisha akimwachia kidogo kidogo. La tatu ni kupiga miguu huku ameshika kitu kieleacho, kama dumu tupu lililofungwa vizuri au kipande cha shina la mgomba. La nne ni kutumia mikono. La tano ni kugeuka kutoka tumboni hata chali bila kusimama. Kila somo la kipupwe liwe fupi. Mtoto akitetemeka, atoke.

Atokapo kuna jambo jingine la kujua. Watu hushangaa kwamba mara nyingine ndani ya maji ni afadhali kuliko nje. Maji hupoteza joto polepole, kwa hiyo alfajiri ya kipupwe maji ya mto huweza kuwa na joto kuliko hewa. Lakini mtu akitoka amelowa, upepo huyakausha maji yaliyo juu ya ngozi, na maji yakaukapo huchukua joto. Ni kazi ile ile ya mtungi wa udongo: maji hupenya nje kidogo kidogo, hukauka, na yaliyobaki ndani hupoa. Mtoto aliyelowa, asimamaye katika upepo, amejifanya mtungi. Basi ajifute upesi, avae nguo kavu, afunike kichwa, anywe uji wa moto. Akiwa anasema kama mlevi, au ameacha kutetemeka ingawa angali baridi, hiyo ni hatari kubwa. Avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe blanketi, alazwe bila kusuguliwa, apelekwe hospitali. Asipewe pombe kamwe. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, na joto la ndani hukimbilia nje.

Mbali na Kilosa wako watu wanaoyafuata maji ya baridi kwa hiari, ili wapande mawimbi kwa ubao. Wako Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza; wako Thurso, kaskazini ya Scotland; wako Tofino, katika nchi ya Kanada. Mwishoni mwa baridi maji ya bahari ya Cornwall huwa na digrii 10 hivi au pungufu. Kwa nini wasingoje joto? Sababu yao yafanana na ya mtoto wa Kilosa. Dhoruba za bahari kuu huwa na nguvu wakati wa baridi, nazo ndizo zizaazo mawimbi mazuri. Atakaye wimbi hana budi kulifuata wakati wake, kama atakaye mto mdogo alivyo hana budi kuufuata wakati wake.

Lakini wimbi ni nini? Mtu akisimama kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa, mahali ipitapo katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ataona uwanda wa Mkata wenye majani mengi. Upepo uvumapo, majani huinama na kuinuka, na jicho huona kitu kikikimbia kutoka upande mmoja wa uwanda hata wa pili. Lakini hakuna jani lililokwenda mahali. Kila jani limesimama katika mzizi wake, limeinama na kuinuka tu. Wimbi la bahari kuu ni hivyo hivyo. Upepo wa mbali huyasukuma maji, na mwendo hupita kutoka maji haya hata maji yale, lakini maji yenyewe huzunguka kidogo na kurudi karibu na mahali pake.

Wimbi likikaribia pwani, chini yake hukuta mchanga au mwamba, nalo hucheleweshwa. Sehemu ya juu huendelea mbele, wimbi huinuka, kisha huanguka kifudifudi kama mtu aliyejikwaa. Mbele ya wimbi hilo huwapo mteremko wa maji. Mpanda wimbi hulala kifudifudi juu ya ubao, hupiga maji kwa mikono hata mwendo wake ukaribie mwendo wa wimbi, na wimbi likimfikia huteremka juu ya mteremko ule, kama mtoto ateremkaye kilima juu ya kuti. Kisha huinuka na kusimama, miguu imepishana.

Mwanafunzi wa kazi hiyo haanzi kwa kusimama. Siku za kwanza hukaa katika maji yasiyopita kiuno, akilala juu ya ubao mrefu, na kuchukuliwa na povu la mawimbi yaliyokwisha kuvunjika. Huanguka mara nyingi. Hufundishwa kuanguka vizuri, kufunika kichwa kwa mikono, na kutouacha ubao wake. Kwa ajili hiyo ubao hufungwa kwa kamba kwenye kifundo cha mguu. Ubao ni chombo cha mchezo, lakini tena ni chombo cha kumweka mtu juu ya maji akichoka.

Katika mito mambo hugeuka. Maji yapitayo kwa nguvu juu ya jiwe huinuka na kufanya wimbi lisimamalo mahali pamoja, na maji ndiyo yapitayo. Katika mji wa München, nchi ya Ujerumani, mna mfereji wa maji ya baridi uitwao Eisbach, uliopata sifa tangu miaka ya 1970 kwa ajili ya watu waliosimama juu ya wimbi la namna hii, hata wakati wa theluji. Mtoto wa Kilosa akiona wimbi lisilohama katika mto uliojaa, na ajue kwamba chini yake pana jiwe au gogo, akae mbali. Mto wa mvua huchukua magogo ambayo hayaonekani.

Wengine hudhani kwamba ubao wa mawimbi ni jambo la kigeni kwa Afrika. Sivyo. Mjerumani mmoja, Michael Hemmersam, aliyekaa Pwani ya Dhahabu, yaani nchi iitwayo Ghana siku hizi, katika miaka ya 1640, aliandika kwamba wazazi wa huko waliwafunga watoto wao juu ya mbao na kuwatia majini ili wajifunze kuogelea. Katika mwaka 1834 msafiri mmoja, James Alexander, aliona wavulana wa Accra wakienda baharini na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wakingoja mawimbi yawarudishe pwani. Watu wa visiwa vya Hawaii nao walikuwa mabingwa wa kazi hiyo tangu zamani. Mabaharia wa jahazi za James Cook walipofika huko walistaajabu, na ofisa wao James King akaandika habari zao mwaka 1779.

Mmoja wa watu wa Hawaii alionyesha wazi faida ya elimu hiyo. Jina lake Duke Kahanamoku, aliyeshinda mashindano ya kuogelea katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1912. Siku ya tarehe 14 Juni 1925 alikuwa pwani ya California, Marekani, pamoja na rafiki zake. Chombo kimoja cha wavuvi kilipinduliwa na mawimbi makubwa mbele ya macho yao. Kahanamoku alichukua ubao wake, akaingia katika mawimbi yale, akarudi na watu, akaenda tena, akarudi, hata akaokoa watu 8 kwa mkono wake. Watu 17 walikufa. Baada ya siku hiyo waokoaji wa pwani za Marekani walianza kutumia mbao za mawimbi katika kazi yao. Kitu alichojifunza kwa furaha kilikuwa tayari siku ya msiba.

Wapandao mawimbi wakati wa baridi huvaa vazi la mpira lililobana mwili. Vazi la namna hiyo lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Hugh Bradner, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha California. Halizuii maji yote. Huacha maji kidogo yaingie, yakae kati ya mpira na ngozi, nayo hupata joto la mwili na kutulia hapo. Mpira wenyewe umejaa vipovu vidogo vya hewa, na hewa, kama tulivyoona katika mpini wa jembe, hupitisha joto polepole. Blanketi hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo: halina moto ndani yake, bali hulinda joto la mwenyewe alalaye. Mtoto wa Kilosa hana vazi hilo. Badala yake ana jua la saa sita, somo fupi, nguo kavu, na uji.

Pia ana hatari ambazo mtu wa Cornwall hanazo. Mikumi kuna bwawa la viboko ambalo wageni huenda kulitazama, na hakuna mwenye akili awezaye kuoga hapo. Kiboko hula majani, lakini huwaua watu kwa hasira yake. Mamba nao wako katika mto Wami na mito iingiayo humo, na mamba haonekani hata akiwa karibu. Kwa hiyo mtoto asiingie mto peke yake, wala mahali ambapo wazee wa mahali hawakupakubali. Tena katika maji yaliyotuama, yenye nyasi na konokono, mna vijidudu vya kichocho, ambavyo hupenya katika ngozi. Aliyeoga katika maji ya namna hiyo, au aonaye damu katika mkojo wake, aende hospitali, dawa ipo. Palipo na bwawa la kuogelea lililojengwa kwa saruji, hapo ni bora kuliko mtoni.

Wasichana na wajifunze kama wavulana, maana wao ndio waendao mtoni kila siku kuteka maji na kufua. Katika Unguja, huko Muyuni, wanafunzi wa Shule ya Msingi Kijini walifundishwa mwaka 2016 kuelea, kuogelea na kuokoa, na wasichana walijifunza wakiwa wamevaa mavazi ya kufunika mwili. Visiwa vile vilikuwa vimeona msiba mkubwa tarehe 10 Septemba 2011, meli Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba na watu wengi mno wakafa.

Somo la mwisho ni la kuokoa. Methali husema, "Mfa maji haachi kutapatapa." Naye atapatapaye hushika chochote kilicho karibu, hata shingo ya ndugu yake, na mara nyingi watu wawili hufa mahali ambapo angekufa mmoja. Kwa hiyo mtoto asijitose kumfuata anayezama. Kwanza apige kelele, watu wazima waje. Kisha alale kifudifudi ukingoni, amnyoshee fimbo ndefu, au tawi, au kanga iliyosokotwa. Asipomfikia, amtupie kamba, au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Amwambie kwa sauti, "Lala chali! Shika dumu!" Hata mtoto asiyejua kuogelea vizuri aweza kuokoa mtu kwa njia hii, naye mwenyewe asilowe.

Kipupwe ni kifupi. Miezi mitatu ikipita, jua hukaza, mawingu hukusanyika juu ya milima, na Mkondoa hubadili rangi yake. Mwenyezi Mungu amempa mwanadamu mapafu ya kumwezesha kuelea, na akili ya kujifunza kuyatumia. Mtoto aliyevumilia baridi ya Julai kwa dakika chache kila siku, chini ya macho ya mtu mzima, atausikia ule mshindo wa maji ya mvua kama wengine, naye ataogopa kama wengine, maana kuogopa mto uliojaa ni busara. Lakini akianguka humo, mwili wake utakumbuka: lala chali, tuliza pumzi, ngoja, kisha piga kelele.

Maswali

1. Kwa nini chuma cha jembe huonekana baridi kuliko mpini asubuhi?
2. Mtu aliyeanguka ghafula katika maji ya baridi afanye nini katika dakika ya kwanza?
3. Eleza jinsi majani ya uwanda wa Mkata yafananavyo na mawimbi ya bahari.
4. Kwa nini mtoto aliyelowa, asimamaye katika upepo, hufananishwa na mtungi?
5. Rafiki yako anazama mtoni, nawe una kamba na dumu tupu. Eleza utakavyofanya, hatua kwa hatua.